Kwa nini dalali wa Marekani hushinda kwenye simu nyumba inapouzwa chini ya deni

Dalali wa nyumba aliyefanya kazi Las Vegas, Phoenix au Miami kati ya 2008 na 2012 atakwambia kuwa kuuza nyumba kulikuwa sehemu ndogo ya kazi yake. Sehemu kubwa ilikuwa simu. Mnunuzi amepatikana, bei imekubaliwa, mwenye nyumba ameshaanza kufungasha vyombo. Kilichobaki ni mkopeshaji aseme ndiyo. Dalali anapiga, anabonyeza namba anazoelekezwa, anasikilizishwa muziki dakika arobaini, anampata mtu, na mtu huyo anamwambia nyaraka hazijafika. Ni nyaraka zilezile alizozituma wiki iliyopita, na wiki ya kabla yake.

Hasira yote humshukia aliyepokea simu. Nadhani inashukia pasipostahili. Mpokea simu hana mamlaka ya kukubali wala kukataa, na mara nyingi hata hajui ni nani aliye nayo. Mwenye mamlaka yupo, ila hana namba ambayo dalali anaweza kuipiga. Dalali akishaelewa mpangilio huo ulivyojengeka, huacha kuuliza maswali yasiyo na majibu na kuanza kuuliza yale yanayolisogeza faili.

Mauzo yenyewe

Mtu amenunua nyumba kwa mkopo. Bei za soko zinaporomoka, na sasa anadaiwa dola 280,000 kwa nyumba ambayo hakuna atakayeinunua zaidi ya dola 150,000. Kazi imepotea, au ndoa imevunjika, au maradhi yameingia, na marejesho ya kila mwezi hayalipiki. Anaweza kusubiri nyumba ipigwe mnada. Au anaweza kuiuza mwenyewe kwa bei ya soko na kumwomba mkopeshaji apokee kilichopatikana na kuiachia rehani, ingawa deni halijaisha. Hayo ndiyo mauzo pungufu.

Mkopeshaji ana sababu nzuri za kukubali. Nyumba iliyohamwa huharibika haraka. Mabomba ya shaba hung'olewa, kodi ya jengo huendelea kudaiwa, na wanasheria nao wanataka ujira wao. Katika majimbo kama Florida na New York, ambako mnada wa nyumba lazima upitie mahakamani, kesi moja inaweza kuchukua miaka. Mnunuzi aliyeko mezani leo ni nafuu kuliko mnada wa mwaka kesho kutwa.

Kwa nini basi jambo lenye faida kwa pande zote lilikuwa gumu kiasi hicho? Wingi wa maombi ni sehemu ya jibu. Bei za nyumba nchini Marekani zilishuka kwa zaidi ya robo kati ya 2006 na mwanzoni mwa 2012, na Las Vegas na Phoenix zilishuka kwa zaidi ya nusu. Idara zilizoundwa kumkumbusha mteja aliyechelewa kulipa wiki mbili zilijikuta zikiamua hatima ya mamilioni ya mikopo. Lakini hata bei zilipopanda tena na maombi yakapungua, simu hazikuwa tamu. Chanzo chenyewe kiko kwingine.

Nani hasa anadai?

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyechukua mkopo wa nyumba anajua tawi lake. Akikwama, huenda kumwona meneja. Meneja anaweza kuwa mkali, lakini mkopo ni wa benki yake na uamuzi utatoka ndani ya benki hiyo. Hata TMRC ya Tanzania iliyoanzishwa 2010 na KMRC ya Kenya iliyoanzishwa 2018 kazi yao ni kuikopesha benki fedha za muda mrefu. Mteja hubaki na benki yake.

Marekani mambo ni tofauti. Benki iliyokupa mkopo mara nyingi huuza mkopo huo ndani ya wiki chache. Hununuliwa na Fannie Mae au Freddie Mac, kampuni mbili kubwa zinazoungwa mkono na serikali ambazo kazi yao ni kununua mikopo ya nyumba, au huunganishwa na maelfu ya mikopo mingine katika mfuko mmoja ambao hisa zake huuzwa kwa mifuko ya pensheni, kampuni za bima na benki za Ulaya. Kampuni ambayo jina lake liko kwenye bili ya kila mwezi inakuwa msimamizi tu. Inakusanya marejesho, inayapeleka kwa wenyewe, na kulipwa ada ndogo, kwa kawaida kama asilimia 0.25 ya salio kwa mwaka. Dalali anapopiga simu "benki", anampigia huyu msimamizi.

Msimamizi ana mkataba na wawekezaji unaosema anaruhusiwa kusamehe nini, kwa masharti gani, na lini lazima aombe ruhusa. Kuna mikataba inayompa uhuru mpana na kuna inayombana hadi senti ya mwisho. Juu ya hapo, mkopaji aliyeweka malipo ya awali chini ya asilimia 20 kwa kawaida alilazimika kulipia bima inayomlinda mkopeshaji. Kampuni hiyo ya bima ndiyo itakayofidia hasara, kwa hiyo nayo inataka sauti. Na kama kuna mkopo wa pili juu ya nyumba hiyohiyo, kuna mkopeshaji wa pili mwenye msimamizi wake. Ukihesabu, ofa moja ya dola 150,000 inaweza kuhitaji ridhaa ya watu wanne, na dalali ana namba ya mmoja tu, tena yule mwenye nguvu ndogo kuliko wote.

Kampuni zenyewe nazo zilikuwa zikimezana. Bank of America iliinunua Countrywide mwaka 2008. Septemba ya mwaka huohuo JPMorgan Chase ilichukua Washington Mutual, na kabla mwaka haujaisha Wells Fargo ikaichukua Wachovia. Mafaili ya mamilioni ya wateja yalihamishwa kutoka mfumo mmoja wa kompyuta hadi mwingine huku watu wakiwa wanaomba msaada. Unapoambiwa faksi yako haionekani, inawezekana kabisa imo, katika mfumo ambao huyo unayeongea naye hana ruhusa ya kuufungua.

Kuna pia suala la nani anaumia kwa kuchelewa. Katika mikataba mingi, mkopaji akiacha kulipa, msimamizi hulazimika kuendelea kuwapelekea wawekezaji fedha zao kutoka mfukoni mwake, kisha hujirudishia nyumba inapouzwa, kabla ya mtu mwingine kupata kitu. Hapo ungedhani ana haraka. Lakini faini za ucheleweshaji na gharama za ukaguzi zinazoongezeka kila mwezi pia ni zake, na pia hukatwa kwanza. Sisemi walichelewesha kwa makusudi. Nasema msukumo uliowasukuma mbele na ule uliowarudisha nyuma vilikaribiana, na katikati yake faili lililala. Walioumia moja kwa moja ni mwenye nyumba, mnunuzi, na dalali ambaye halipwi chochote mauzo yasipokamilika.

Ndani ya simu

Mpokea simu katika kituo cha huduma anaona kioo chenye maandishi mafupi yaliyoachwa na wengine: faili limefunguliwa, hati ya mshahara inakosekana, tathmini imeagizwa. Anapimwa kwa urefu wa simu zake. Kwa kawaida hawezi kumpigia afisa anayeshughulikia faili. Anaweza tu kumwachia ujumbe, kama vile wewe ungefanya. Ukimuuliza "Mtakubali lini?" anakujibu kwa kauli aliyofundishwa: siku 30 hadi 60 za kazi. Hakudanganyi. Hajui.

Faili lina hatua zake. Nyaraka hupokelewa na kuchapwa kwenye mfumo, mara nyingi na kampuni nyingine kabisa. Mtu mwingine hukagua kama zimekamilika. Tathmini ya nyumba huagizwa. Ndipo afisa wa majadiliano hupangiwa faili, akalinganisha ofa na tathmini, akapeleka pendekezo kwa mwekezaji na kampuni ya bima, jibu likarudi, na barua ikaandikwa. Kila hatua ina foleni yake. Swali lenye maana, basi, ni faili liko hatua ipi, limekaa hapo tangu lini, na kazi inayofuata iko mikononi mwa nani. Hayo mpokea simu anaweza kuyasoma kwenye kioo chake.

Madalali wazoefu waliweka swali jingine mbele ya yote: mwekezaji ni nani? Jibu lake linabadilisha mkakati mzima. Kama ni Fannie Mae au Freddie Mac, kila moja ina ukurasa wa mtandaoni ambako mkopaji anaweza kuthibitisha, na kanuni zao zimechapishwa wazi. Unaweza kumsomea afisa kanuni ya mwekezaji wake mwenyewe. Kama mkopo umedhaminiwa na serikali, kupitia FHA (mamlaka ya shirikisho ya nyumba) au VA (idara ya wanajeshi wa zamani), kuna utaratibu wake maalumu, na afisa mgeni akiufuata wa mikopo ya kawaida mtapoteza miezi. Kama ni mfuko wa Wall Street, jiandae kwa ukimya. Msimamizi akikataa kusema kwa simu, sheria ya shirikisho inamruhusu mkopaji kuuliza kwa maandishi, na chini ya kanuni zinazotumika tangu 2014 jibu la jina na anwani ya mwenye mkopo linatakiwa ndani ya siku 10 za kazi.

Kabla ya hayo yote kuna barua ya idhini. Sheria za faragha zinamzuia msimamizi kuongea na dalali kuhusu deni la mtu bila ruhusa ya huyo mtu. Barua hiyo itumwe siku ambayo mwenye nyumba anasaini mkataba wa kumpa dalali kazi ya kuuza, hata mnunuzi hajapatikana, iwe na namba ya mkopo na majina ya kila mtu atakayepiga simu, akiwemo msaidizi wa ofisini. Madalali wengi walipoteza wiki nzima kwa sababu msaidizi ndiye aliyepiga na jina lake halikuwemo. Idhini ikichelewa kuingizwa kwenye mfumo, muweke mwenye nyumba kwenye laini ya tatu aseme mwenyewe kwamba anaruhusu.

Mwenye nyumba aliyekwisha kurudi Mombasa au Arusha huongeza kazi. Saini zinazotakiwa kuthibitishwa zinaweza kufanyiwa kwenye ubalozi wa Marekani kwa miadi, na ni bora aandae mapema hati ya uwakilishi kwa mtu aliyeko Marekani, kisha hati hiyo ipelekwe kwa msimamizi na kampuni ya hati miliki, ile inayohakiki umiliki wa nyumba, waikubali kabla haijahitajika. Kusubiri mpaka wiki ya kufunga mauzo ndipo utafute miadi ya ubalozi ni kujitafutia presha.

Nyaraka zenyewe ni zilezile karibu kila mahali: barua ya kueleza dhiki, hati za mshahara, taarifa za benki, ritani za kodi, mkataba wa mauzo na hesabu ya makadirio inayoonyesha mkopeshaji atabaki na kiasi gani baada ya gharama. Ugumu wake ni kwamba huchacha. Hati ya mshahara ya Machi haina thamani mwezi Juni, na kama faili limekaa kwenye foleni miezi mitatu, afisa analifungua na kukuta halijakamilika tena. Ndiyo maana dalali mjanja hangoji kuombwa. Kila mwezi anamdai mteja wake taarifa mpya ya benki na kuituma. Namba ya mkopo iandikwe kwenye kila ukurasa, maana kurasa za faksi hutenganishwa na ukurasa usio na namba huwa yatima.

Kumbukumbu ya kila simu ni muhimu: tarehe, saa, jina la mpokea simu na namba yake ya utambulisho, alichosema, alichoahidi. Thamani yake hujitokeza mnapofika kwa mkubwa wa zamu wa mpokea simu. "Nimepiga mara nyingi" ni lalamiko. "Tarehe 4, fulani wa namba fulani alithibitisha kurasa 31 zimepokelewa, tarehe 11 nikaambiwa hakuna kitu" ni ushahidi, na mtu mwenye cheo kidogo akiusikia huanza kutafuta mahali lilipo tatizo. Upole nao una kazi hapa, wala si suala la tabia njema tu. Mpokea simu hana uwezo wa kukubali ofa, lakini ana uwezo wa kusubiri dakika mbili zaidi, kufungua skrini ya pili, kuandika maelezo yanayosomeka. Uwezo huo mdogo ndio pekee unaoweza kupatikana kwenye simu ile, na hutolewa kwa hiari.

Tathmini inastahili jicho la pekee, kwa sababu ni hatua ambayo dalali anaweza kuigusa. Msimamizi humtuma dalali mwingine wa eneo hilo, asiyehusika na mauzo, kukadiria bei kwa ada ndogo. Huyo anaweza kuitazama nyumba akiwa ndani ya gari na kuondoka, bila kujua kwamba paa linavuja na msingi una ufa. Makadirio yakija dola 190,000 huku ofa ni 150,000, ofa inakataliwa. Muuzaji asiruhusu ufunguo wapewe mtu bila dalali wake kuwepo. Mpokeeni mlangoni, mpeni picha za uharibifu, gharama zilizoandikwa na fundi, na bei za nyumba jirani zilizouzwa karibuni. Huko si kumshinikiza. Ni kumwonyesha asichoweza kukiona kutoka barabarani.

Mkopo wa pili

Mauzo mengi yaliyokufa yalifia hapa. Tuchukue nyumba ya Phoenix iliyonunuliwa 2006 kwa dola 300,000: mkopo wa kwanza 240,000, wa pili 60,000, bila mnunuzi kutoa chochote, mtindo uliokuwa wa kawaida wakati ule. Miaka minne baadaye inauzwa 150,000. Kamisheni na gharama nyingine zinakula 12,000, zinabaki 138,000. Zote ni haki ya mkopeshaji wa kwanza. Wa pili hana hata senti.

Lakini rehani ya pili imeandikishwa kwenye hati, na bila saini yake hakuna mnunuzi atakayepata hati safi. Kwa hiyo mkopeshaji wa kwanza humkatia kidogo ili aondoke, tuseme 6,000. Mkopeshaji wa pili anaangalia 6,000 kwa deni la 60,000 na kusema haitoshi, anataka 12,000. Wa kwanza anasema hata senti zaidi hatoi. Kanuni za mwekezaji wake zimeweka kikomo. Na hapo wawili hao wanaweza kuwa madirisha mawili ya benki moja, maana benki kubwa zilisimamia mikopo ya kwanza kwa niaba ya wawekezaji huku zikimiliki mikopo ya pili zenyewe, kwenye vitabu vyao wenyewe. Dalali anapiga idara mbili za benki moja, ambazo hazisemezani, na kubeba ujumbe kati yao kama mshenga wa posa isiyotakiwa na upande wowote.

Ukaidi wa mkopeshaji wa pili haukuwa ujinga. Kwenye mnada angepoteza rehani yake, ila katika majimbo mengi deni lake kwa mkopaji lingebaki hai na angeweza kumshtaki au kuliuza kwa wakusanya madeni. Kwa hiyo alichokuwa akipima ni 6,000 za leo dhidi ya matumaini ya kumbana mtu huyo miaka mitano baadaye. Hoja inayomfaa dalali ni ile inayoyapunguza matumaini hayo: mteja hana kazi, hana akiba, na anafikiria kufilisika kisheria, jambo ambalo likitokea deni lisilo na dhamana kwa kawaida hufutwa lote. Hiyo humfanya afisa wa mkopo wa pili afikirie upya, mradi iwe kweli na nyaraka zionyeshe hivyo.

Madalali walilalamika pia kuhusu maafisa walioomba nyongeza ilipwe pembeni, nje ya hesabu rasmi ya mauzo, ili mkopeshaji wa kwanza asijue. Huo ni ulaghai, hata kama ombi limetoka benki. Kila dola inayobadilisha mikono lazima ionekane kwenye hesabu. Kadhalika, pande zote husaini kiapo kwamba muuzaji na mnunuzi si ndugu wala washirika na hakuna makubaliano ya siri. Wazo la kumuuzia shemeji kisha kuendelea kuishi humo, ambalo kwetu huja haraka kichwani, lina jina la kosa la jinai huko.

Serikali ilijaribu kukata fundo hili. Mpango wa HAFA, ulioanza kutumika Aprili 5, 2010, uliweka kikomo cha fungu la wakopeshaji wa nyuma, yaani wa pili na wanaomfuata, ukataka jibu la ofa ndani ya siku 10 za kazi, na kumwondolea mkopaji deni lililosalia. Mwaka 2012 Fannie Mae na Freddie Mac ziliamriwa na mdhibiti wao, FHFA, ziwe na utaratibu mmoja: kuanzia Juni 15, jibu ndani ya siku 30, taarifa kila wiki likichelewa, na uamuzi wa mwisho ndani ya siku 60. Kuanzia Novemba 1 mwaka huo, mkopeshaji wa pili aliwekewa kikomo cha dola 6,000, na wasimamizi wakapewa ruhusa ya kuidhinisha maombi mengi bila kurudi kwa mwekezaji. Kwa maoni yangu hilo la mwisho ndilo lililosaidia kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo pekee lililousogeza uamuzi karibu na simu.

Mnada unaoendelea pembeni

Idara ya mauzo pungufu na idara ya mnada zilikuwa barabara mbili zisizoonana. Ombi linaweza kuwa limeidhinishwa Jumatatu na nyumba ikanadiwa Jumanne. Texas na Georgia, ambako minada hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi, madalali huitazama kalenda hiyo kwa hofu. Kila simu lazima iwe na swali hili: kuna tarehe ya mnada, na kuahirishwa kwake kumeandikwa wapi? Ahadi ya mdomo haitoshi. Piga pia kwa ofisi ya wanasheria au mdhamini anayeendesha mnada uone kama nao wameambiwa. Mara nyingi hawajaambiwa.

Februari 2012 wasimamizi watano wakubwa walikubaliana na majimbo 49 na serikali ya shirikisho fidia ya dola bilioni 25, na masharti yakiwemo kumpa mkopaji mtu mmoja wa kuwasiliana naye na kupunguza mwendo huo wa barabara mbili. Deni lililosamehewa kwenye mauzo pungufu lilihesabika kama sehemu ya malipo yao, na ghafla hamu ikaja: mwaka huohuo Bank of America ilikuwa ikiwapa baadhi ya wakopaji hadi dola 30,000 ili wakubali kuuza hivyo. Watu walewale, vituo vilevile vya simu.

Tangu Januari 10, 2014, kanuni za shirikisho zinasema msimamizi mkubwa akipokea ombi lililokamilika zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, hawezi kuinadi nyumba kabla ya kulitathmini, na tathmini iishe ndani ya siku 30. Neno la kung'ang'ania ni "lililokamilika". Faili lenye ukurasa mmoja uliochacha halina kinga hiyo. Na ujue kuwa haki ya kukata rufaa chini ya kanuni hizo ni kwa anayeomba masharti ya mkopo yabadilishwe. Aliyekataliwa mauzo pungufu hana. Anachoweza ni kulalamika kwa ofisi ya ulinzi wa walaji wa huduma za fedha, CFPB, ambayo hupeleka lalamiko kwa kampuni na kwa kawaida hutarajia jibu ndani ya siku 15. Lalamiko lililoandikwa kwa tarehe na majina, kutoka kwenye ile kumbukumbu ya simu, hufika kwenye meza ambazo kituo cha huduma hakifiki.

Kwa muda madalali wenyewe waliogopa sheria. Kanuni ya tume ya biashara, FTC, dhidi ya matapeli wa kusaidia wenye mikopo, iliyoanza kikamilifu Januari 2011, iliandikwa kwa upana kiasi kwamba dalali anayejadiliana na benki angeweza kuhesabiwa humo. Julai mwaka huo tume ilitangaza kuwa haitaitekeleza dhidi ya madalali wenye leseni wanaofanya kazi yao ya kawaida. Wengine tayari walikuwa wamewaachia kazi hiyo wanasheria, na kwa kweli hiyo si njia mbaya: katika majimbo kadhaa wanasheria au wasaidizi wa mauzo hushika simu, dalali akabaki na nyumba na mnunuzi.

Wanaobaki na simu hujipangia. Simu zote za mikopo asubuhi vituo vinapofunguliwa, siku mbili au tatu kwa wiki, spika ikiwa wazi huku wakijaza makaratasi mengine. Mchana ni wa wateja. Mnunuzi huambiwa tangu mwanzo kwamba ni suala la miezi, na akijitoa, dalali huomba jina jipya liwekwe kwenye faili lilelile badala ya kufungua upya. Na kuna kazi za kukataa. Nyumba yenye mikopo mitatu, deni la kodi, na mume na mke walioachana wasiosalimiana haitakombolewa na dalali mwenye subira.

Barua ya kukubali ikija, isomwe kabla ya kushangilia. Inataja mnunuzi, kiasi cha chini mkopeshaji atakachopokea, siku ya mwisho ya kufunga, na wakati mwingine kamisheni iliyopunguzwa bila kuulizwa. Sentensi nzito kuliko zote ni ile ya deni lililobaki. "Tunaachia rehani" maana yake nyumba iko huru. Haisemi kwamba mtu yuko huru. Barua ikinyamaza kuhusu salio, salio lipo, isipokuwa sheria ya jimbo iwe imelifuta, kama California ilivyofanya kwa mkopo wa kwanza kuanzia Januari 2011 na kwa mikopo yote ya nyumba hizo kuanzia Julai mwaka huo. Kwingineko, omba maneno yaongezwe kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya kufunga hakuna atakayeyaongeza.

Na kiasi kilichosamehewa huripotiwa kwa mamlaka ya kodi kwa fomu 1099-C, kana kwamba ni kipato. Sheria ya 2007 iliusamehe kodi msamaha wa namna hiyo kwa nyumba ya kuishi, ikaongezwa muda mara kadhaa. Nyongeza ya Desemba 2020 iliufikisha mwisho wa 2025 na kushusha kikomo hadi dola 750,000. Aliyekuwa na madeni kuzidi mali zake siku ya msamaha ana mlango mwingine, kwa fomu 982. Hesabu hiyo ni ya mhasibu, na mteja apewe namba ya mhasibu siku ileile barua inapotoka.